Sukari ya Kupima

Biskuti zilinisomesha. Karo yangu ya sekondari ilitoka kwenye kioski cha Mama huko Kayole, na kwenye hicho kioski hakuna kitu kilichotoka mbio kama biskuti za shilingi kumi. Unga ulisubiri mwisho wa mwezi. Sabuni ilisubiri Jumamosi. Biskuti zilianza kutoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, watoto wa shule wakinyoosha mikono kupitia waya, "Mathe, nipe ya kumi, ile ya krimu," na zikaendelea hadi tunafunga. Faida ya pakiti moja ni shilingi moja na senti kadhaa. Lakini ukiuza pakiti mia kwa siku, na hazikopeshwi kwa sababu hakuna mtu anaandikwa kwa kitabu deni la kumi, mwisho wa muhula unaona kitu.

Na kusema kweli, biskuti zinastahili kuuzika. Haziozi. Hazitaki friji, hazitaki moto, hazitaki sahani. Gesi ikipanda bei, hazijali. Mtoto anaweka mfukoni, anakula akitembea. Jamaa wa mjengo anashuka saa saba, ananunua pakiti mbili na soda, na kwa shilingi zisizofika mia amepata cha kumfikisha jioni. Halafu kuna ile heshima. Mgeni akija bila taarifa, mtoto anatumwa biskuti. Na ukienda kuona mgonjwa, huendi mikono mitupu; unabeba juisi na biskuti za glukosi. Nani alituambia ni lazima ziwe za glukosi? Hakuna anayekumbuka. Ni kitu tumekikuta.

Miaka minne iliyopita mgonjwa alikuwa Mama.

Alianza na kiu. Halafu kuamka usiku mara nne, mara tano. Halafu macho yakawa na ukungu, akaanza kunipa mimi noti nimsomee kama ni feki. Tulipofika hospitali, wakamdunga kidole na mashine ikasoma 19.4. Daktari akatuambia kwamba mtu mwenye dalili kama zake, hata 11.1 ingetosha kusema ana ugonjwa wa kisukari. Bila shaka sisi mtaani hatusemi kisukari. Tunasema fulani ana sukari, vile unaweza kusema ana pesa. Mama alilala kitandani na dripu, akaniangalia, akasema, "Nimepima sukari maisha yangu yote. Leo sukari imenipima mimi."

Alikuwa anaongea kuhusu kazi yake. Kwa miaka, kila Jumapili jioni, amekaa kwenye stuli na gunia la sukari, mizani na karatasi za plastiki, akipima ya robo, ya nusu, ya kumi. Sukari ya kupima, ndivyo wateja wanavyoiita. Hakuna mtu mtaani anajua uzito wa sukari kama yeye.

Alilazwa siku nne. Majirani wakaja, watu wa kanisa wakaja, wanachama wa chama wakaja. Siku ya kutoka nilihesabu kwenye kile kabati kidogo cha kando ya kitanda pakiti kumi na moja za biskuti za glukosi, zile kubwa. Watu waliomjali walimletea mgonjwa wa sukari biskuti za glukosi, kwa upendo kabisa, na hakuna hata mmoja aliyeona kichekesho. Mama hakutaka kuzitupa. "Rudisha duka," akaniambia. "Hiyo ni zaidi ya mia tano."

Kabla hatujatoka, mtaalamu wa lishe alimpa karatasi moja. Ilikuwa na orodha: mboga kwa wingi, ugali kiasi, matunda yasizidi, soda hapana. Mstari wa mwisho ulikuwa maneno mawili: soma lebo.

Mama alifika darasa la saba. Anasoma Biblia ya Kiswahili bila kukwama, anasoma gazeti, na hesabu anafanya kichwani kabla sijatoa simu. Kwa hivyo si kwamba hajui kusoma. Jioni ya kwanza nyumbani alichukua pakiti kutoka dukani, akaigeuza, akavaa miwani, akaivua, akanipa. Mbele, maandishi ni makubwa kama ya bango la kampeni. Nyuma, ni kama yameandikwa na siafu, na yote ni ya Kiingereza. Zile zinazotoka nje zinaongeza Kifaransa na Kiarabu, na bado Kiswahili hakuna. "Haya," akasema, "nisomee wamesema nini."

Hivyo ndivyo nilipata kazi ya kutafsiri biskuti.

Neno la kwanza lilikuwa "Energy". Nilimwambia ni nguvu. Akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia habari njema; si ndiyo maana tunapelekea wagonjwa? Nikaendelea kumfafanulia, kwa sababu kwenye lebo nguvu si ile ya kuinua mtungi. Ni kalori, basi. Ni kipimo cha joto ambalo chakula kingetoa kikichomwa, na mwili unaweza kulitumia au kuliweka akiba kama mafuta. Gramu ya wanga ina kalori 4. Gramu ya protini, 4. Gramu ya mafuta, 9. Kwa hesabu hiyo, kijiko cha Kimbo kina "Energy" kushinda biskuti yoyote, na hakuna mtu ameniletea mgonjwa kijiko cha Kimbo.

Pakiti yenyewe ilisema hivi, kwa kila gramu 100: kalori 450, protini gramu 7, wanga gramu 76, ambapo sukari ni 25, mafuta gramu 13, na karibu nusu ya hayo ni yale mafuta yanayoganda. Hilo la mafuta halinishangazi. Biskuti nyingi zinatengenezwa kwa mafuta ya mawese, na nusu hivi ya mafuta ya mawese ni ya aina hiyo. Ndiyo inafanya biskuti iwe kavu mkononi na ilainike mdomoni.

"Sasa hiyo ni mingi ama kidogo?" Mama akauliza.

Hapo ndipo lebo inamwacha mtu. Nani amewahi kula gramu 100 za biskuti? Kwa upande wa pili wa pakiti kulikuwa na kipimo kingine, cha "biskuti 2". Nani amewahi kula biskuti mbili? Mtu hula pakiti. Na pakiti hiyo ilikuwa gramu 50. Basi tukagawanya kwa mbili: sukari gramu 12.5. Bado Mama alikuwa ananiangalia tu. Halafu akainuka mwenyewe, akaleta sukari, kijiko cha chai na kisosa. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kinabeba kama gramu 4. Akachota kimoja, cha pili, cha tatu, akaweka na chenga kidogo juu. Tukaangalia kale kamlima kwenye kisosa. Hiyo ndiyo sukari ya ndani ya pakiti moja ya kumi na kitu.

Tukafanya ya krimu. Lebo yake ilisema sukari 38 kwa 100. Pakiti ya gramu 50 ni 19. Vijiko vitano kasoro.

Tangu hapo Mama hataki kusikia gramu. Ni vijiko.

Swali lililonishinda kujibu haraka lilikuwa jingine. Alikuwa na pakiti mkononi, kidole juu ya jina lake. "Na glukosi yenyewe ni nini?" Nikamwambia: ile mashine inayokudunga kidole kila asubuhi, kile inachopima kwenye damu ndicho kinaitwa glukosi. Alinyamaza muda. Nje mtoto alikuwa anagonga waya na sarafu. Mama akamuuzia pakiti, ya glukosi, akarudi akakaa.

Na kuna la ziada ambalo jina halikwambii. Utamu wa biskuti hizo hautoki kwenye glukosi yenyewe kwa sehemu kubwa. Unatoka kwenye sukari ya kawaida na sharubati kidogo. Lakini sukari ya kawaida ikifika tumboni inavunjika kuwa glukosi na fruktosi, nusu kwa nusu. Na unga mweupe wa ngano je? Huo ni wanga, na wanga ni mnyororo mrefu wa glukosi. Mwili unaukata pingili kwa pingili. Kwa hivyo zile gramu 76 za wanga kwa kila 100 si kitu cha kando. Pakiti ya gramu 50 ina wanga gramu 38, karibu sawa na silesi tatu za mkate mweupe. Ukiangalia kwa jicho la ile mashine ya kidole, kila biskuti dukani ni biskuti ya glukosi. Zingine tu hazijaandikwa.

Hii ndiyo ilifanya tugombane na biskuti za "bila sukari iliyoongezwa". Shangazi alileta kutoka supamaketi moja kubwa, bei mara nne ya zetu. Mama alifurahi hadi tulipogeuza. Kweli, sukari ilikuwa karibu sifuri. Wanga ulikuwa 68. Unga ulikuwa pale pale. Mama alikula nne, akapima baada ya saa mbili, akaniita nione namba. Haikuwa mbaya kama ya krimu, lakini haikuwa namba ya mtu aliyekula "bila sukari".

Halafu kuna "digestive". Kwenye benchi la kliniki hiyo ndiyo biskuti ya watu wa sukari, wanashauriana kwa kunong'ona kama wanapeana dili. Jina hilo lilianzia Uingereza katika karne ya 19, watu walipoamini kwamba magadi yaliyowekwa ndani ya unga yangesaidia tumbo kusaga chakula. Jina likabaki. Niliyoisoma ilikuwa na sukari 17, pungufu ya ile ya glukosi, na nyuzinyuzi 3.5 kwa sababu ya pumba ya ngano. Hapo inashinda. Lakini mafuta yalikuwa 21, na kalori 480. Biskuti yenye jina la hospitali ilikuwa na "Energy" kushinda ile iliyojaza neno lenyewe pakiti nzima.

Sijaandika haya ili mtu aache biskuti. Mimi nazila, na Mama anaziuza hadi leo. Kama ningemwambia afunge rafu hiyo, ningekuwa nimemwambia afunge duka. Ninachouliza ni nani anajua nini, na amejulishwa kwa lugha gani.

Chukua wale watoto wa asubuhi. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa 2015, lilisema sukari inayoongezwa kwenye chakula, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya kalori za siku, na ikiwezekana iwe chini ya 5. Kwa mtu mzima wa kalori 2,000, asilimia 5 ni gramu 25, yaani vijiko sita. Mtoto anayehitaji kalori 1,500 anabaki na vijiko karibu vitano. Pakiti moja ya krimu, saa moja kasorobo asubuhi, na vijiko vya siku nzima vimeisha. Bado hajanywa chai ya saa nne, na sote tunajua chai ya shule inavyowekwa sukari.

Mama alijaribu. Muhula mmoja aliweka ndizi mbele kabisa, kumi kumi, pembeni njugu za kumi kwenye karatasi, na biskuti akazirudisha nyuma. Njugu zilitoka vizuri, nazo zina protini na mafuta ya maana. Ndizi zilimuumiza. Siku ya tatu zimekuwa nyeusi na mtoto hataki ndizi nyeusi. Mayai ya kuchemsha yangefaa, lakini yai halipatikani kwa kumi, na mtoto ana kumi. Biskuti inaweza kukaa miezi ikisubiri hiyo kumi. Hakuna tunda linaloweza kushindana na subira ya namna hiyo. Kwa hivyo biskuti zimerudi mbele, njugu ziko kando yao, na ndizi analeta Jumatatu na Alhamisi tu, chache.

Watu wa mtandaoni wanapenda kusema wazazi wa siku hizi ni wavivu, wanapea watoto takataka. Mimi nimesimama nyuma ya ile waya. Mzazi anayempa mtoto kumi saa kumi na mbili asubuhi hajachagua biskuti badala ya uji na yai. Amechagua biskuti badala ya kutokula, kwa sababu yeye mwenyewe ameshatoka kutafuta gari la Industrial Area.

Lakini huyo mzazi, akipata dakika moja ya kugeuza pakiti, anastahili kuelewa. Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike kikamilifu na bidhaa. Kifungu cha 7 kinasema Kiswahili ndiyo lugha ya taifa, na ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Ukiweka hivyo vifungu viwili kando ya pakiti ya biskuti, unaanza kujiuliza habari hiyo iliandikiwa nani. Matangazo ya redio ya biskuti hizo hizo ni ya Kiswahili, tena Kiswahili kitamu, na Sheng ndani. Wanapotaka tununue wanatuongelesha. Kwenye namba wanahamia Kiingereza. Mama alisema vizuri kunishinda: "Wameandika kama mtu anayetaka baadaye aseme, si tuliwaambia?"

Kuna wenzetu walioamua tofauti. Chile, tangu 2016, vyakula vya pakiti vyenye sukari, chumvi, kalori au mafuta ya kuganda kupita kiwango hubandikwa alama nyeusi ya pembe nane upande wa mbele, kama ile ya stop barabarani, na maneno machache kwa Kihispania, lugha ya watu wa pale: ina sukari nyingi. Mexico ikafuata 2020. Huhitaji miwani, huhitaji kugawanya kwa mbili, huhitaji mtoto aliyefika chuo akutafsirie. Alama inakuongelesha ukiwa bado hujalipa.

Sisi tunasubiri, na tukisubiri tunatumia njia za mkono. Angalia kwanza orodha ya viungo, kwa sababu kanuni ni kwamba kilicho kingi kwa uzito ndicho hutangulia. Sukari ikiwa ya pili, umejua. Angalia pia ndugu zake wanaojificha kwa majina mengine, "glucose syrup", "invert syrup", "dextrose". Wote ni ukoo mmoja. Kisha tafuta mstari wa sukari kwa gramu 100, angalia uzito wa pakiti, kokotoa, gawanya kwa nne. Hapo una vijiko.

Na biskuti si adui, hilo nilifundishwa na jambo lililotutisha kuliko 19.4. Vidonge ambavyo Mama alianzishiwa vinaweza kushusha sukari kupita kiasi ukichelewa kula. Siku moja ibada ilirefuka, na kwenye matatu ya kurudi akaanza kutetemeka, jasho, maneno yakimkwama. Watu wakadhani ni malaria. Mama mmoja akafungua mkoba akamtolea, ndiyo hiyo, biskuti ya glukosi. Alitafuna, na baadaye akapata nafuu, lakini ilichukua muda ambao kwangu nikisimuliwa ulionekana mwaka. Muuguzi akatueleza: mtu akishuka hivyo, mpe kitu kinachoingia kwenye damu haraka, gramu 15 za sukari, karibu vijiko vinne, kwenye maji, kama bado anaweza kumeza vizuri. Subiri dakika 15, pima tena. Biskuti ina mafuta na unga, inachelewa. Ifuate baadaye, sukari ikishapanda, ili isishuke tena kabla ya chakula.

Sasa mkoba wa Mama una vifuko viwili. Kimoja ni sukari, vijiko vinne, amepima mwenyewe na kufunga fundo lile lile la dukani. Kingine ni biskuti mbili. Amejua kazi ya kila kimoja na kinachotangulia.

Siku za kliniki nikipata nafasi namsindikiza. Kwenye lile benchi refu amekuwa mtu wa kuulizwa. Wamama wanatoa pakiti kwenye mikoba, anavaa miwani, anatafuta maneno manne ya Kiingereza aliyoyakariri, "sugars", "fat", "fibre", "sodium", na hesabu anafanya kichwani. Mwezi uliopita mmoja alimletea pakiti ya maziwa, gramu 80, akiwa ameshakula nusu. Mama alisoma, akafunga macho kidogo, akamwambia, "Yote ni vijiko vitano na nusu. Na unga haujahesabiwa."

Yule mama akaiangalia ile pakiti kwa huzuni. "Kwa hivyo nitupe?"

"Utupe na umenunua? Kula mbili, na chai isiwe na sukari. Hizo zingine mpatie mtu wa mjengo."